Ali Wawili Katika Safu Moja

Mmeniomba niandike, nyinyi mliobaki kwenye ile ofisi yenye feni mbovu, nieleze kazi ilikuwaje kabla ya mashine na baada ya mashine. Nimekubali kwa sababu sina la kufanya. Nimestaafu kabla ya umri. Kifua kimejaa vumbi la buni na daktari kasema gudauni basi. Shule nilisoma mpaka darasa la saba, kwa hivyo mkikuta sentensi imekaa upande, iacheni ikae. Vyeo sivitaji, vilikuwa vichache na havikunipitia. Mshahara msiniulize. Lakini watu nitawataja kwa majina. Waliokosa walikosa. Na mimi nimo katika orodha hiyo, nimejiweka mwisho ili mnifikie mkiwa mmeshachoka kulaumu.

Niliingia gudauni la Changamwe mwanzoni mwa miaka ya themanini, natoka kwetu Bofu, viatu nimevibeba mkononi mpaka nilipofika getini ili visichafuke. Karani wa kupokea mzigo alikuwa Mzee Shee, mtu mfupi, kofia ya kudarizi imepauka, miwani kaifunga kwa uzi wa gunia. Nikampa shikamoo. Akaitika marahaba bila kuniangalia, akanipa kibao cheusi cha kuandikia na kipande cha chaki kilichoning'inia kwa kamba.

"Wajua kusoma?"

"Najua, mzee."

"Kusoma si kazi. Kazi ni kurudi juu."

Sikumwelewa. Lori likaingia, mahamali wakaanza kushusha. Kila gunia lilikuwa na alama ya mwenyewe iliyopigwa kwa wino: huyu nyota, huyu nanga, huyu duara lenye msalaba. Zilikuja zimechanganyika. Kuhesabu magunia ilikuwa kazi ya mwingine. Kazi yetu ilikuwa kujua katika mzigo huo mzima mna alama ngapi mbalimbali, na ni zipi, kwa sababu kila alama ilitengewa pahali pake pa kupangwa. Mia ya nyota ni nyota moja tu kwenye kibao.

"Gunia likipita, soma alama," Mzee Shee akaniambia. "Kisha rudi kwenye kibao, anza juu kabisa, shuka nayo moja moja. Ukiikuta, pita. Ukifika chini hujaikuta, iandike hapo chini. Basi. Usiseme naikumbuka. Kichwa chako si kibao."

Nikaona ni mambo ya kizee. Mimi kijana, akili yanichemka, nirudi juu kila gunia? Nikawa naandika kwa kukumbuka. Kufika adhuhuri nanga imeandikwa mara mbili, na mahamali wameshapanga marundo mawili ya mwenyewe mmoja, moja kaskazini, moja kusini. Mzee Shee hakunitukana. Alisema tu rundo moja lihamishwe, na mimi nihamishe pamoja nao. Siku ya pili nilirudi juu kila gunia, mgongo ukinikumbusha.

Kanuni yake ya pili nilijifunza kwa aibu zaidi. Ulikuja mzigo wa korosho, nyota tupu, nyota nyingine kubwa nyingine ndogo. Nikaandika nyota moja, nikapita, nikapita, nikapita. Kumbe wenye nyota walikuwa wawili, na mmoja korosho zake za mwaka jana, zina fukusi, wale wadudu watoboaji. Rundo likawa moja. Mvua inanyesha, bati linavuja, Mzee Shee kasimama mbele ya rundo lile kanishika bega.

"Uligeuza gunia?"

"Nigeuze kwa nini, mzee, na alama ni ile ile?"

"Ikiwa si ile ile nitageuza ya nini? Ikifanana ndipo unageuza. Ubavuni mna namba ya mwenyewe. Hujaiona namba, husemi hili ni lile."

Siku nne tulizitenganisha nyota na nyota. Fukusi walikuwa wameshahama bila kungoja ruhusa.

Mtu wa jina langu, niliyekuja kumwita somo, aliingia kazini miaka michache baadaye, kama hamali. Askari wa geti wakati huo alikuwa Katana, na Katana alikuwa na sauti ya mwadhini asiye na msikiti. Asubuhi hiyo nilimsikia akicheka peke yake.

"Ali! Njoo uone, umezaliwa mara ya pili!"

Nikatoka. Kijana mrefu, anatumia mkono wa kushoto, karatasi ya kibarua mkononi imeandikwa Ali Juma Ali. Jina langu lote, hakuna hata moja lililobaki. Si ajabu kwetu. Mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba. Ali humzaa Juma, Juma humzaa Ali, jina linazunguka kama ng'ombe wa kinu cha mafuta. Mimi babu yangu Ali wa Likoni, yeye babu yake Ali wa Kisauni, hawakujuana wala hawakupakana. Watu wa jina moja huitana somo. Akanipa mkono ule wa kushoto, akaona kosa, akaubadilisha.

"Somo," akasema, "jina letu umelitunza vizuri? Nisije nikaingia nikakuta linadaiwa."

Tangu siku hiyo gudauni zima wakatuita Ali Bofu na Ali Mishomoroni, kila mmoja kwa mtaa wake, na sisi wenyewe tukaitana somo. Hakuna aliyetuchanganya. Hata yule paka wa jikoni alijua ni nani wa kumfuata saa ya chakula, kwa sababu somo ndiye aliyekuwa akimwachia kichwa cha samaki. Tulikula sahani moja zaidi ya miaka kumi. Mke wangu alipokwenda kwao na asirudi, yeye ndiye aliyeniambia maneno ya kipumbavu mpaka nikacheka. Mamangu alipokufa, alivuka kutoka Mishomoroni mpaka Bofu kabla ya jua kutoka, akabeba jeneza upande wa kushoto, akakataa kupokewa. Ndugu wa tumbo moja sina. Nilikuwa na mtu wa jina moja.

Mzee Shee aliondoka kwa kustaafu, akafariki mwaka uliofuata, Mungu amrehemu. Kibao nikarithi mimi.

Sasa nafika kwa wakosaji. Wa kwanza ni Bwana Anwari, meneja. Mwishoni mwa miaka ya tisini gudauni lilipata wenyewe wapya, wakaa Nairobi, na Bwana Anwari akaambiwa atengeneze orodha moja ya vibarua wote wanaofanya kazi kweli. Watakaokuwemo wataandikwa kazi ya kudumu na kupewa beji. Wasiokuwemo hawapiti getini tena. Kwa kazi hiyo akanunua kompyuta, akaiweka ofisini ikifunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono kama redio ya bibi harusi, akamleta na wa kuiendesha.

Wa pili ndiye huyo, Denis. Kijana wa bara, mwembamba, ametoka chuo juzi, kitabu cha Java, lugha ya kuiamrisha kompyuta, hakimtoki kwapani. Hakuwa na ubaya wowote. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, ingawa nilitamani awe nao.

Karatasi za mahudhurio zilikuwa za miezi mitatu. Kila asubuhi niliandika majina ya waliofika, langu likiwemo, kwa hivyo kila jina limerudi mara sabini na kitu. Kando ya jina palikuwa na nafasi ya namba ya kitambulisho. Denis akachapa majina tu.

"Na namba?" nikamuuliza.

"Namba ni za nini, mzee? Zingine hata hazisomeki. Sisi tunataka majina tofauti tofauti. Hii ni kitu simpo. Unaweka majina yote kwa arei, halafu unatoa yaliyorudiwa."

Nikamwambia anionyeshe hiyo arei. Akachora kwenye karatasi safu ya visanduku vilivyoshikana, kila kisanduku jina moja, na juu ya kila kimoja namba. Kisanduku cha kwanza akaandika sifuri.

"Mbona cha kwanza ni sifuri?"

"Ndivyo mashine inavyoanza kuhesabu."

"Darasani kwetu sifuri alikuwa Hamisi Kombo, na alianzia nyuma."

Akacheka. Akachora safu ya pili, tupu, chini ya ile ya kwanza. Akasema jina likichukuliwa juu, linapitishwa kwenye safu ya chini tangu kisanduku cha kwanza mpaka pale ilipojazwa. Likikutwa, linaachwa. Lisipokutwa, linawekwa kwenye kisanduku kinachofuata, na hesabu ya waliomo inaongezwa moja. Lupu ndani ya lupu, ndivyo alivyoiita: ya nje yatembea juu, ya ndani yatembea chini.

Wallahi nywele zilinisimama. Hicho kilikuwa kibao cha Mzee Shee. Mtu aliyefunga miwani kwa uzi wa gunia, na hawa wamekwenda chuo kumfuata.

Denis akaibonyeza. Mashine ikawaza, ikatoa karatasi, ikatoa, ikatoa. Majina yote yamerudi kama yalivyoingia, hakuna hata moja lililopungua. Bwana Anwari akaishika ile shuka ya karatasi kwa ncha za vidole.

"Hii ndiyo tofauti tofauti? Hamisi, Hamisi, Hamisi, Hamisi. Bwana mdogo, ng'ombe hii tumenunua inakula tu?"

Denis akatoka jasho. Mimi, na hapa naanza kujitaja, nilikuwa nimesimama mlangoni na kibao changu, na nikaona raha kuwa najua.

"Haipiti," nikasema. "Inashuka kwenye orodha, lakini ikilikuta jina hailitambui. Lazima pale inapolinganisha ndipo palipoharibika. Iambie: ikiona maandishi ni yale yale, ipite."

Denis akafungua kitabu, akaenda kurasa za mbele, akajipiga paji la uso. Akanieleza, nami nikaelewa, na sijasahau. Katika Java ukilinganisha majina mawili kwa alama mbili za sawasawa, mashine haiulizi kama herufi zafanana. Yauliza kama hiki ni kitu kile kile kimoja, kilichokaa pahali pale pale. Majina mawili yaliyochapwa siku mbili, kwake ni vitu viwili hata kama yanaandikwa sawa. Ukitaka ilinganishe maandishi yenyewe, kuna neno lingine la kutumia. Denis akafuta zile alama, akaweka lile neno.

Karatasi ikatoka moja, safi, majina machache. Bwana Anwari akanipiga begani mbele ya watu. "Huyu darasa la saba," akasema, "amemsomesha wa chuo." Katika miaka yangu yote pale, hiyo ndiyo sifa niliyopewa kwa sauti.

Nikasoma orodha. Ali Juma Ali, katikati ya karatasi. Nikashuka mpaka chini. Nikarudi juu, kama nilivyofundishwa, nikashuka tena. Mmoja.

Nilielewa saa ile ile. Kwa mashine iliyokosea tulikuwemo sote wawili, mara mia na zaidi. Ilipotengenezwa, kwa maneno yangu, tukawa mmoja. Nami kanuni ya Mzee Shee niliitoa nusu: nilisema ikifanana ipite, sikusema ikifanana ugeuze gunia. Namba za vitambulisho zilikuwa pale mezani, kando ya majina, kwa mkono wangu mwenyewe.

Ilikuwa Ijumaa. Ningesema pale pale. Bwana Anwari bado mkono wake umo begani. Nikajiambia nitasema Jumatatu. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nikiogopa, na nilichoogopa ni hiki: nikiuliza ni Ali yupi, huenda wakajibu.

Jumatatu nilivuka Likoni na feri ya mapema ambayo sikuwahi kuipanda hata siku moja. Aliyewahi kumkimbia mwenzake anaelewa nasema nini. Katana amekaa getini na orodha na kalamu nyekundu.

"Ali Bofu! Leo umelala wapi, kitandani kwa meneja?" Akatia alama penye jina. "Pita, wewe ni wa kudumu sasa, utatuzika sote."

Nikapita. Nikaenda nyuma ya rundo la buni, pale ukuta wa bati ulipo karibu na geti, nikajifanya nasoma alama. Somo akaja kwa saa yake ya kawaida. Nikasikia yote.

"Ali Juma Ali kashaingia," Katana akasema.

"Huyo ni somo wangu. Tia alama ya pili."

"Hakuna ya pili. Jina moja, alama moja."

"Katana. Wewe wanijua au hunijui?"

"Mimi nakujua, yakhe. Karatasi haikujui. Na leo geti ni la karatasi."

"Basi mwite Ali Bofu. Aje aseme tu kuwa tuko wawili. Neno moja."

Katana akaita. Ile sauti yake ikazunguka gudauni zima, mpaka mahamali wakasimama. "Ali Bofu we! Ali Bofu!"

Mkono wangu ulikuwa juu ya gunia. Alama ya nyota. Nilisubiri aite mara ya tatu. Hakuita. Nikasikia somo akisema, taratibu, kama mtu anayemtetea mwenzake, "Huenda yuko mbali, hasikii."

Wa tatu basi ni Katana, ambaye angeweza kuacha kiti chake akaja hatua ishirini. Nimemlaumu sana Katana. Ni kazi nyepesi.

Alasiri nilikwenda kwa Denis, nikamweleza. Akabadilika rangi. "Mzee, si ungesema Ijumaa? Ni kuongeza arei ya pili ya namba, tulinganishe vyote viwili. Dakika kumi." Tukaenda pamoja kwa Bwana Anwari. Bwana Anwari akasema orodha imeshapelekwa Nairobi, na yeye hatawapigia wenyewe kuwaambia kompyuta yao haijui kuhesabu watu. Kisha akaniangalia. "Na wewe umo, sivyo? Shida yako nini?" Nikatoka.

Nilisikia somo amepata kazi ya kukata mawe Mwakirunge. Baada ya mwezi nikaenda. Mashimo meupe, jua linapiga kutoka juu na kutoka chini. Nikamwona kwa mkono wake wa kushoto, maana uso ulikuwa vumbi tupu. Alikuwa amenipa mgongo.

"Hodi," nikasema. "Ali Juma Ali."

Hakugeuka. Akaendelea kupiga msumeno kwenye jiwe.

"Hayupo huyo," akasema. "Yuko Changamwe, kazini. Nenda kamtafute huko."

"Somo, ni mimi."

"Najua ni wewe. Siku ile pia nilijua uko wapi. Viatu vyako vilionekana chini ya bati."

Nikaangalia viatu vyangu. Nikarudi.

Nikafanya kazi miaka mingine. Nikala peke yangu. Paka alinifuata siku mbili tatu akaona sina kichwa cha samaki, akahama. Watu wakaendelea kuniita Ali Bofu, ingawa hapakuwa tena na Ali wa kunitofautisha naye. Kila nilipoitwa hivyo nilimsikia yule mwingine asiyeitwa. Denis aliacha kazi, akaniachia kile kitabu. Nilikisoma polepole, nikafika mpaka nikaweza kuandika ile programu mwenyewe, herufi baada ya herufi, kwa kidole kimoja. Ninyi mnaoitumia sasa, mkiona pale kwenye lupu ya ndani inalinganisha jina na pia namba, hiyo mistari miwili ni yangu. Msiifute kwa kuona ni mizigo. Kama data yenu haina namba, rudini mkaitafute kabla hamjabonyeza chochote. Na ikiwapungukia mtu, msingoje Jumatatu.

Nilipostaafu, mwezi uliopita, kijana wa sasa alinionyesha kwenye kioo anavyonitoa. Akaweka kidole, jina likaenda. Ilichukua muda mdogo kuliko kupiga chafya. Nikamuuliza kama kuna Ali Juma Ali mwingine. Akatafuta kwa heshima zote. "Hakuna, mzee. Ulikuwa wewe tu."

Kesho yake nikapanda kwenda Mwakirunge. Nilitaka nimwambie kuwa yule wa Changamwe naye ameondoka, kwamba jina sasa liko huru, alichukue akitaka. Niliyafanyia mazoezi maneno hayo njia nzima. Shimo lile lilikuwa limesogea, watu ni wengine. Nikamkuta mzee mmoja anakunywa maji kwenye kibuyu, nikamsalimu, nikamuuliza kama Ali Juma Ali bado anakata mawe hapa.

Akafuta mdomo, akanitazama.

"Ali Juma Ali yupi?" akasema. "Tulikuwa nao wawili."

Nikakaa chini kwenye jiwe. Alidhani ni jua, akanipa kibuyu. Nikanywa, nikamwambia, yule wa Mishomoroni, wa mkono wa kushoto.

"Ah, huyo. Huyo aliondoka kabla ya mvua. Hakusema aendako." Akapokea kibuyu chake. "Wewe nani wake?"